Maini ya Bunda

Tangu asubuhi Dokta Wankyo alikuwa ametoka mlangoni mwa maabara na kurudi mpaka mlinzi akachoka kumsalimia. Akitoka, anaangalia barabara ya Bunda. Akirudi, anaangalia hadubini, ambayo ilikaa mezani kwa utulivu wake kama bibi arusi asiyejua kwamba nje mahari bado inabishaniwa.

Hadubini yenyewe haikuwa ya chuo. Iliazimwa Dar, na siku hiyo Profesa Elias wa huko huko Dar, aliyelala Musoma mjini, alikuwa anakuja chuoni Butiama kuamua kama ibaki au aipakie kwenye gari arudi nayo. Alitaka kitu kimoja tu: aonyeshwe mitokondria, vile vijiwanda vya nguvu vya seli, zikiwa hai, siyo mchoro wa ubaoni. Wankyo alikuwa anafundisha na kutafiti utando wa seli na vile viungo vidogo vilivyomo ndani yake. Hadubini ikiondoka, utafiti umeondoka nayo, na wanafunzi wake watarudi kuchora seli kama chapati yenye yai katikati.

Mitokondria zimejaa kwenye ini bichi, na ini la Wankyo lilikuwa kwa Magige, mdogo wake mwenye bucha Bunda. Jana alimpelekea deli la barafu na chupa ya maji ya sukari, akamwelekeza taratibu: kata kipande ng'ombe akiwa bado wa moto, tumbukiza kwenye chupa, fukia kwenye barafu, njoo.

"Na usinicheleweshe," alimalizia, "kuna wageni wanatoka Dar."

Hapo ndipo alipoharibu, ila alikuwa hajajua.

Pikipiki ikatokea. Magige akashuka na shati lake la ibada, viatu vinang'aa, deli amelikumbatia kama mtoto wa kubatizwa.

"Dada daktari, leo huaibiki."

Wankyo akafunua. Chupa hakuna. Kulikuwa na hotipoti mpya ya maua, na ndani yake maini yamekatwa vipande sawasawa, yameoshwa yakatakata.

"Magige, maji yangu ya sukari yako wapi?"

"Nilimwaga."

"Ulimwaga."

"Sasa dada, watu watoke Dar niwape maini ya sukari? Si watasema watu wa Mara tumerukwa na akili? Nimeyaosha, nikayapaka chumvi na ndimu. Bado kuchoma tu. Mkaa mnao?"

Wankyo akakaa kwenye ngazi, akasimama, akakaa tena. Kwao mgeni akichinjiwa, ini ndilo linalotangulia, nyama nyingine ikiwa bado inakatwa juu ya ngozi. Magige alifanya kila kitu sawa. Alikosea mgeni tu.

"Hawaji kula," akasema.

"Mtu anataka ini la leo leo halafu hali? Anakuja kulisalimia?"

"Anakuja kulitazama."

Magige akamwangalia kwa huruma, kama mtu aliyegundua kwamba ukoo una mgonjwa.

"Seli ina utando wake," Wankyo akasema, miguu haitulii. "Na mitokondria ina wake. Ile sukari niliipima ili maji yasiingie wala yasitoke. Ukiosha kwa maji matupu, maji yanaingia, inavimba, inapasuka. Ukiweka chumvi, maji yanatoka, inasinyaa. Wewe umefanya yote mawili."

"Na ndimu?"

"Ndimu tuiache."

Gari likaingia. Profesa Elias, mzee mfupi wa maneno machache, akapita moja kwa moja mpaka kwenye hadubini.

"Ini liko wapi, Dokta?"

"Limeharibika, Profesa. Limetiwa chumvi."

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi nitamwambia dereva afungue buti."

Wankyo akageuka, hajui anageukia nini. Mlangoni alisimama Magige, mdomo wazi kwa mshangao, shavu la ndani linang'aa kwa mate.

"Magige, usifunge mdomo."

Akachukua kijiti cha meno, akalikwangua lile shavu, akapaka kwenye kioo, akadondoshea tone la rangi. Akakiweka kioo chini ya hadubini, picha ikampita, akairudia, ikampita tena. Halafu ikasimama: seli pana, na ndani yake vidoa vya kijani-buluu.

Profesa akainamia hadubini.

"Hizi za nani?"

"Za huyo muuza nyama. Ziko hai. Zingekufa, rangi isingeshika hivyo."

"Mimi niliomba za ini."

"Najua."

Profesa akainama tena, akasogeza kioo kidogo. "Nitarudi Juni. Siku hiyo nataka ini la maabara, siyo kitoweo. Chombo kikae."

Wanafunzi waliokuwa dirishani wakapiga makofi. Wankyo hakupiga. Alikuwa ameshaanza kuwaza nani ataleta ini hilo la Juni.

Magige naye akachungulia. "Huyu ndiye mimi? Mbona nilikuwaga najiona msafi?"

"Hivyo vidoa ndivyo vinakupa nguvu ya kubishana."

"Basi ninavyo vingi."

Profesa alikuwa ameshafika kwenye gari. Akashika mlango, akauachia, akarudi mpaka kwenye deli.

"Kijana," akamwambia Magige, "umesema chumvi na ndimu?"

"Ndiyo, Profesa."

"Mkaa upo?"

Magige akamgeukia dada yake, lakini Wankyo alikuwa nje tena, anaangalia barabara ya Bunda kana kwamba ini la Juni liko njiani, na hakuna aliyekuwa anakuja.