Dirisha la Jikoni

Tangu mumewe aanguke pale mezani, Mama Rula alikataa katakata mtambo wa kuchorea kuzimwa. Wenzake katika ofisi ya wachoraji ramani walimwonya kwamba mchoro ukiwaka muda mrefu kwenye kioo cha mtambo bila kubadilika utakiunguza. "Kiungue!" aliwajibu. "Aliyeuacha hapo ni mume wangu, nani wa kuufuta?" Wakauacha ukiwaka. Nani atabishana na mjane?

Mchoro wenyewe ulikuwa nyumba yao, ile waliyoiota tangu uchumba. Marehemu aliuchora saa za chakula, akaufuta, kesho akaanza upya. Mtambo ule mkongwe haukuhifadhi kitu. Ulishika kilichopo kiooni, basi. Na safari hii, upande wa jikoni, palikuwa na dirisha. Dirisha! Miaka nenda rudi Mama Rula aliliomba, na jibu lilikuwa lile lile, kwamba ukuta utadhoofika. Alijiambia kuwa siku ile ya mwisho labda mumewe alimwonea huruma tu.

Leo mitambo mipya imefika, na huo mkongwe unaondolewa. Aliyekuja kuufungua ni mdogo wa marehemu, fundi wa ofisi hiyo hiyo.

"Shemeji, leo hujanitukana hata kidogo, unaumwa?" Alijaribu utani wao wa kila siku.

"Nataka kuichapa hii nyumba. Halafu chukua dude lako uende."

"Printa si hiyo imechomekwa ubavuni? Tia karatasi, mimi nakagua nyaya huku nyuma."

Printa ile ilichapa kwa joto, si kwa wino. Siku zote marehemu ndiye aliyeitia karatasi, mkewe akisogea humwambia, "Wewe piga mistari, hili niachie mimi." Basi Mama Rula akaipapasa karatasi kama mchoraji yeyote, akatafuta upande usiong'aa, maana ndio unaokamata kalamu. Akauelekeza juu, akabonyeza kitufe.

Printa ikanguruma, ikatema karatasi. Nyeupe pe! Joto hushika upande unaong'aa, nao ulikuwa chini. Na kiooni hamna kitu: marehemu aliutega mtambo ujifute kila ukimaliza kuchapa, ili kioo kisiungue.

Mama Rula akaketi sakafuni, akalia. Hata msibani hakulia hivi.

"Nimemuua mara ya pili, shemeji. Kwa mkono wangu mwenyewe."

Fundi akauzima mtambo, walau afanye kitu, akaugeuza kuelekea kwenye mwanga ili afungue skrubu. Akaganda.

"Shemeji. Inuka uone."

Kioo kilikuwa kimeungua kweli. Nyumba ilionekana humo, hafifu, rangi ya chai.

Mama Rula akabandika karatasi nyembamba ya kunakilia, akashika penseli. Kuta zilimtesa. Kila ukuta ulikuwa na vivuli vitatu, vinne, kila mahali mumewe alipouhamishia. Hakujua afuate upi. Alipofika jikoni mkono ukasimama. Dirisha lilikuwa moja tu, mahali pamoja, limeungua kuliko mstari wowote, maana ndilo lililokaa kiooni muda mrefu zaidi.

"Kumbe alianza nalo," alisema polepole. "Kila siku alianza nalo, akalifuta kabla sijaliona."

"Na wewe akikuambia haliwezekani?"

"Mwongo mkubwa yule!" Akajifuta machozi kwa kiganja, akalichora dirisha kwanza, kisha akaanza kuzitafutia kuta mahali pake.