Mtunzi na Mtunzaji

Mende wanakufa chali, miguu juu, na juu yao sauti ya mdogo wangu inaimba, "Lala, mama hatakuamsha." Ndilo tangazo lenyewe. Dawa ya mende. Mara ya kwanza kuliona kwenye televisheni nilikuwa nakula, nikasukuma sahani.

Wimbo ule mdogo wangu aliutunga wiki ya tatu baada ya kumzika binti yake wa miaka minne. Hakuutunga uchezwe popote. Alikuwa akiuimba jikoni huku anaosha vyombo, mpaka siku kiongozi wa bendi ambayo yeye huimbia viitikio alipopita nyumbani akausikia. Huyo tunamwita Sukari, kwa ulimi wake. Alimbembeleza mwezi mzima waurekodi, eti mtoto asisahaulike. Mtu anatumia maiti ya mtoto kumlainisha mama yake, halafu analala usingizi. Mimi watu wa namna hiyo siwawezi.

Mkataba wa kurekodi niliuchapa mimi. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi mkabala na mahakama, na hata mawakili wananiletea kazi kwa sababu huwasahihishia lugha bila kuwaaibisha. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa amekaa hapo hapo kwenye benchi. Nilipompa karatasi alitia sahihi bila kutazama. "Kama umechapa wewe, dada, nisome nini?"

Tangazo lilipotoka tulimfuata Sukari kwake. Alitupokea kwa viti na maji baridi, kisha akatuwekea mkataba mezani. "Mimi nimeuza wimbo wangu, dada zangu. Someni hapo."

Tukasoma. Mtunzi: Sukari, kwa jina lake kamili. Mtunzaji: mdogo wangu. Herufi mbili tu zimeongezeka katikati. Mtunzi ni aliyetunga. Mtunzaji ni wa kutunza, kama anayetunza bustani ya watu au funguo za ghala. Kwa karatasi ile mdogo wangu alikuwa amemtunzia Sukari wimbo wake, na sasa mwenyewe kauchukua.

Njiani mdogo wangu aliniuliza imekuwaje. Nikamwambia vidole viliteleza. Alinishika mkono, akasema, "Usijilaumu, dada. Kuteleza ni kwa kila mtu." Nilitamani anitukane.

Ofisi ya hakimiliki, jengo la jirani na mahakama, ilitupangia siku. Chumba chenyewe kidogo, mafaili yamefungwa kamba mpaka dirishani, na afisa ni mama mmoja wa miwani ambaye hapandishi sauti. Sukari alikuja na shati jeupe. Mdogo wangu alipoulizwa anataka nini, alisema hataki chochote ila tangazo liondolewe. "Kila likipita namzika upya," alisema. "Jana nilikuwa dukani kwa watu. Nilikaa chini sakafuni."

Afisa alivua miwani. "Nikueleze jinsi ilivyo, mwanangu. Kama hili neno ni kosa la uchapaji, mtarekebisha mkikubaliana wote wawili, na mpaka hapo tangazo linaendelea. Mzee, utakubali?"

"Nikubali nini?" alisema Sukari, uso mkavu. "Mkataba kachapa dada yake wa damu. Dada mtu amdhulumu mdogo wake? Neno liliandikwa hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

"Ila kama mmoja aliliweka kwa makusudi ili kumhadaa mwenzake," afisa aliendelea, "hapo nalisimamisha tangazo leo hii." Akanigeukia mimi. "Mchapaji, ilikuwaje?"

Damu ilinichemka, na kusema kweli haikuwa kwa Sukari peke yake. Kwa sababu vidole vyangu havikuteleza. Sukari alinisomea ule mkataba neno kwa neno, na alipofika kwenye jina la mdogo wangu nilisimamisha mashine nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mtunzi ama mtunzaji?" Akacheka. "Andika mtunzaji, dada yangu. Lugha ya wasanii hiyo, wewe huijui." Mimi, ninayewasahihisha mawakili! Foleni ilikuwa ndefu, na Sukari ndiye aliyekuwa akiniletea kazi zote za bendi. Mdogo wangu alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu, anajipepea kwa daftari. Nikaandika.

Ningeweza kusema viliteleza. Mle ndani hakuna ambaye angenishika uongo, na mdogo wangu angeendelea kunifariji, na mende wangeendelea kufa kwa wimbo wa mtoto wetu.

"Sikukosea," nilisema. "Tofauti ya maneno hayo naijua tangu darasa la tatu. Nilimuuliza. Akaniambia niandike hivyo hivyo. Nikanyamaza."

Sukari alianza kusema mimi ni mwongo. Afisa akamuuliza kwa upole wimbo wake alimtungia mtoto gani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno tamu hata moja, na mimi sikupata raha niliyoitegemea. Nilikuwa namtazama mdogo wangu. Yeye alikuwa anatazama vidole vyangu.

Amri iliandikwa pale pale na kugongwa muhuri: tangazo lisimame hadi shauri lisikilizwe. Afisa akamkabidhi mdogo wangu. "Katoe kopi tatu, uniletee kabla hatujafunga."

Tuliteremka ngazi. Kibanda changu kinaonekana kutoka mlangoni, ni kuvuka barabara tu. Nilinyoosha mkono nipokee karatasi. Mdogo wangu aliikunja, akaitia kifuani.

"Nilikuwa nimekaa pale pale," alisema.

Alipita mbele ya kibanda changu bila kugeuza shingo, akaenda kusimama kwenye foleni ya yule mchapaji wa jirani, mwisho kabisa, juani.