Utando Uliokauka

Maji yakimwagika huzoleka. Ndivyo Tusajigwe alivyowajibu waliomtupia methali, maana kazi yake ilikuwa kuyazoa. Kiwanda kipya cha karatasi, nje kidogo ya Ipinda, kilichemsha mabua ya mpunga kwa magadi makali. Maji meusi yaliyobaki yalisukumwa na pampu kwenye utando wa kuchujia. Lignini, ile gundi ya mmea, ilinaswa na kukaushwa ikawa unga wa kuuza. Maji yaliyopenya yalitoka na rangi ya chai nyepesi, yakapita kwenye bwawa hadi mfereji wa mashamba.

Utando ulikuwa na mwiko mmoja: usikauke.

Hezroni, fundi wa pampu, alipofiwa na mama yake, Tusajigwe, msimamizi wa zamu, aliipeleka zamu nzima msibani. Aliacha maji safi ya siku mbili yakipita kwenye utando. Lakini msiba wa Kinyakyusa haupimwi kwa ndoo. Walirudi siku ya nne.

Pampu ilipowashwa, Hezroni aliinua glasi ya majaribio kwenye mwanga.

“Dada Tusa, leo chai yetu imekuwa kahawa.”

Utando ulikuwa umepasuka. Weusi ulikuwa unajaa bwawani, na kule mferejini vyura walikuwa wameanza kunyamaza. Ng’ambo ya mfereji, wanawake walikuwa wameinama wakipandikiza miche, maji yakiwafika magotini.

Tusajigwe alifunga koki ya bwawa, maji yasiende mferejini.

“Fungua,” alisema Godwin, meneja, akitokea nyuma yao. “Wanunuzi wa kiwanda wanafika mchana. Wakikuta kimesimama kwa sababu ya koki, wataondoka.”

“Bosi, mule watu wamesimama majini.”

“Watatoka wakiwashwa. Fungua, binti, au niifungue mwenyewe!”

Tusajigwe akachomoa mpini wa koki, akautupa bwawani. Ukazama bila kurusha hata tone. Maji yalikuwa mazito. Mbali, juu ya ziwa, wingu la mvua lilikuwa limeanza kushuka, na bwawa lilibakiza shubiri moja tu lifike ukingoni.

“Dada,” Hezroni alinong’ona, “mwombe radhi, yaishe.”

“Utaandika barua ya kuomba radhi,” meneja alisema, “au usirudi kesho.”

“Utando niliukausha mimi, na kwa hilo nakuomba radhi hapa hapa,” alisema Tusajigwe. “Kwa mpini, siombi.”