Shukrani Kupitia Ukuta wa Mbao

Mdogo wangu tulimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa maneno yake. Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake na cha fundi mwenzake vilitenganishwa na ukuta wa mbao tu, mmoja akipiga chafya mwingine anampa pole. Waliishi vizuri, wakiazimana chaki na mkasi, mpaka mwenzake aliponunuliwa na mwanawe cherehani ya umeme. Tukaanza kumwita Bi Umeme, na Sindano akaanza kukosa usingizi.

Mashine ya jirani ikinguruma, Sindano sikio ukutani, mguu kwenye pedali, mkono unashona chochote kilicho mbele yake. Ndivyo alivyoshona suruali ya mchungaji akaifunga mifuko yote. Jumapili, katikati ya mahubiri, mchungaji akatafuta leso. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto, jasho linamtiririka. Waumini wakadhani anacheza kwa furaha, wakampigia makofi.

Kesho yake akairudisha suruali.

"Dada, una nini siku hizi? Wateja wanakukimbia, na mimi nipo njiani."

"Ni ile mashine, mchungaji. Ikinguruma, naisikia tumboni."

"Basi kila asubuhi mshukuru Mungu kwa ajili yake. Kwa sauti, moyo wako usikie."

"Nishukuru kwa cherehani ya mwenzangu?"

"Mpaka tumbo lipone."

Sindano ni mbishi, lakini wateja aliwataka. Asubuhi akaanza, meno yamekaza kama anameza dawa chungu: "Asante Bwana kwa cherehani ya umeme. Asante kwa taa yake ndogo. Asante kwa wateja wanaoipenda." Hakutaja ni ya nani. Mungu si anajua.

Mimi nilikuwa nimeketi pale nafumua mifuko ya mchungaji, uzi mmoja mmoja, maana alikuwa ameishona mara mbili kwa hasira. Asubuhi moja shukrani zikamwishia mapema na mguu bado uko kazini, akaendelea tu: "Asante na kwa hii pedali ya mama yetu, ilivyolika pale alipokuwa akiweka kisigino, na changu kinaingia papo hapo."

Akatazama chini kama mtu aliyeletewa mguu mpya.

"Dada, hii haijanilaza njaa hata siku moja."

"Basi shona," nikamwambia.

Akashona, tena vizuri, akiimba. Wateja wakaanza kurudi. Ila upande wa pili wa ukuta mambo yakaharibika. Mzee mmoja alitoka kule na shati lenye kola kiunoni. Halafu Bi Umeme mwenyewe akaja, futi shingoni, akachungulia chini ya meza, akafunua na pazia.

"Jirani, umeificha wapi?"

"Nini?"

"Ya umeme, yenye taa. Kila asubuhi nasikia unaishukuru, na haingurumi hata kidogo. Yangu inalia kama trekta. Mwenzio sili, silali."

"Ni hiyo yako."

"Yangu iko kwangu."

"Ndiyo hiyo hiyo. Nilikuwa naishukuru mimi, maana wewe sikuwahi kukusikia."

Bi Umeme akajikalia kwenye kiti, juu ya suruali ya mchungaji, ambayo nilikuwa nimeichomeka pini. Aliinuka upesi kuliko alivyokaa. Tulicheka mpaka Sindano akaegemea ukuta na ubao mmoja ukang'oka.

"Mwanangu ameitolea jasho," Bi Umeme akasema akijifuta macho, "na mimi nimekuja kutafuta ya kwako. Shika mkono wangu tuombe."

Mchungaji alipokuja kuchukua suruali yake aliwakuta wameshikana mikono, wanashukuru kwa pedali, kwa trekta, kwa mwana, kwa mama, wamefika kwenye chaki. Akasema amina. Hawakusikia. Akaisema tena, kwa nguvu, nao wakahamia kwenye vifungo.

Nikampa suruali. Akatumbukiza mkono mfukoni, ukaingia wote.

"Asante Bwana," akasema. Yake ndiyo ilikuwa fupi.