Nywele za Rangi ya Ndimu

Jumamosi, saa nne asubuhi, msichana alikata pakiti mbili za juisi ya unga, ladha ya stroberi, akazimimina kwenye bakuli la plastiki na kuzikoroga kwa maji ya moto mpaka zikawa nzito kama uji. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande wa pili mama yake mdogo, fundi cherehani, alikuwa akishona kola za mashati ya shule. Cherehani ilikuwa ikienda na kusimama, ikienda na kusimama, maana uzi aliouziwa wiki hiyo ulikuwa wa kukatikakatika.

"Unapika nini huko?"

"Napaka nywele rangi, mama mdogo."

"Kwa juisi?"

"Wenzangu wanapaka, inashika."

"Haya. Ukigusa taulo langu jeupe tutaonana wabaya."

Msichana alichovya ncha za nywele, akazifunga kwa mfuko wa nailoni, akakaa dakika arobaini akitikisa mguu. Hakuwa mtu wa kutulia. Alikuwa na miaka kumi na sita, na tangu mama yake aende ng'ambo kufanya kazi za ndani, alikuwa hamalizi kula bila kuinuka mara tatu kuchungulia mlangoni. Mama aliondoka na mkataba wa miaka miwili. Sasa ilikuwa miaka miwili na miezi mitano.

Kosa lake lilikuwa kununua pakiti zenye sukari. Zisizo na sukari zilikuwepo dukani, rafu ya juu, lakini yeye aliona sukari ndiyo itakayoigandisha rangi. Na kweli ilishika. Kufika alasiri sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani hadi shingoni mwake.

Kesho yake mama alipiga simu. Aliruhusiwa dakika kumi kwa mwezi, bosi akiwa amesimama kando yake na saa mkononi.

"Umepaka nini kichwani?" mama aliuliza hata kabla ya salamu.

"Juisi, mama. Stroberi."

"Ya sukari?"

"Ndiyo."

"Nilijua tu. Nimeamka foronya imejaa sisimizi, na ncha za nywele nyekundu kama nakwenda kucheza muziki. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na tatu. Suuza vizuri, mwanangu, wanatuuma."

"Samahani, mama."

"Rangi yenyewe si mbaya."

Zilibaki dakika nane. Mama hakuzipoteza kushangaa jinsi la kichwa kimoja lilivyotokea kwenye kingine, kwani bosi alikuwa ameshamwambia kwamba mwezi ujao hapatakuwa na simu. Simu, alisema bosi, inamfanya mzito kazini. Bosi hakuijua lugha yao, kwa hiyo walipanga mambo mbele ya macho yake. Msichana akitaka kujua mama anarudi lini, apake rangi ya ndimu. Mama atajibu kwa kusuka, msuko mmoja kwa kila mwezi uliobaki.

"Na ukiwa unarudi wiki hiyohiyo?"

"Nitazichana tu, niziache wazi."

"Pasipoti amekupa?"

"Iko kwenye kabati lake. Anasema anaitunza isipotee," mama alisema, na dakika zikaisha.

Safari hii msichana alinunua zisizo na sukari. Alipaka kichwa kizima, kikawa kijani cha kung'aa. Siku ya nne, akiwa anapiga mswaki, alihisi ngozi ya kichwa ikivutwa kwa utaratibu, kama alivyokuwa akivutwa zamani akiwa amebanwa katikati ya magoti ya mama yake. Alitulia, shingo ameinamisha kidogo, mpaka kazi ikaisha. Kioo kilimwonyesha misuko mitatu.

"Mitatu," mama mdogo alisema, akiigeuzageuza kuangalia mkono. "Ni yeye huyu. Dada tangu utotoni anakaza kama anafunga mzigo."

Shuleni sheria ilisema nywele ziwe fupi na ziwe za rangi yake ya asili. Mwalimu wa nidhamu alimwita mbele ya meza yake.

"Nani amekusuka?"

"Mama, mwalimu."

"Si nasikia mama yako yuko nje?"

"Yuko nje. Amenisuka juzi."

Mwalimu aliandika kitu kwenye daftari. "Mwambie asuke Ijumaa, Jumatatu uwe umeshafumua. Na hiyo rangi utaifagilia uwanja."

Msichana alifagia uwanja. Alifagia kwa haraka, akihesabu wiki. Mwezi uliofuata alipaka tena ndimu, akajibiwa misuko miwili. Uliofuata, mmoja. Wiki hiyo aliosha mapazia, akapanga upya vyombo, akahamisha kitanda kutoka ukuta huu hadi ule, kisha akakirudisha. Mama mdogo alisimamisha cherehani.

"Kaa chini. Unanipa kizunguzungu."

"Nikikaa naona kama siku haziendi."

"Ukisimama ndiyo zinakwenda?"

Mwezi ulipokwisha alipaka ndimu kwa mara ya nne. Siku mbili nywele hazikuguswa. Siku ya tatu zilianza kuvutwa, akakimbilia kioo akitegemea kitana. Ulikuja msuko mmoja, halafu wa pili, halafu wa tatu. Zilivutwa asubuhi nzima, misuko ikizidi kuwa myembamba ili itoshe kichwani. Mama mdogo aliacha kola za watu akasimama nyuma yake kuhesabu. Ilikuwa ishirini na minne.

Jumatatu msichana hakwenda shule. Walikwenda wawili kwenye ofisi ya wakala aliyempeleka mama ng'ambo, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Karani alikuwa kijana mstaarabu mwenye tai. Alilitafuta faili akalipata mara moja.

"Mkataba umeongezwa miaka miwili. Sahihi hii hapa."

Mama mdogo aliisogelea. "Dada hasaini hivi. Dada anaandika jina lake lote, herufi moja moja. Hapa kuna mkwaruzo tu."

"Mwajiri ndiye ameileta."

"Basi mwajiri ndiye ameiandika. Yeye anataka kurudi."

"Mmezungumza naye lini?"

"Simu walimnyang'anya," msichana alisema. "Ametuambia kwa hizi." Aliinamisha kichwa juu ya meza.

Karani aliihesabu misuko kwa ncha ya kalamu, bila haraka, akafika ishirini na minne. "Ni kweli," alisema. "Inalingana na mkataba."

"Lakini alituambia mwezi mmoja!"

"Hiyo misuko ya mwezi mmoja mnayo?"

"Ilifumuliwa."

"Ndiyo tatizo la nywele," karani alisema kwa huruma. "Hazikai kwenye faili." Alijaza fomu ya malalamiko, mahali pa vielelezo akaandika *nywele, kijani*, akagonga muhuri na kuwapa nakala. Aliwaambia fomu itatumwa kwa mwajiri ili ajieleze.

Ilitumwa. Wiki mbili baadaye, Jumapili mchana, msichana alikuwa akipiga pasi sare yake alipohisi ubaridi wa chuma nyuma ya sikio. Aliweka pasi chini. Mashine ya kunyolea ilipanda kisogoni ikateremka, ikapanda tena, mkono ulioishika ukiwa na haraka, haujui umbo la kichwa. Nywele za kijani zilianguka juu ya shati. Mama mdogo alikuja akamshika mabega, wakangoja pamoja mpaka iishe. Hapakuwa na mahali pa kumshika yule aliyekuwa akinyolewa ng'ambo.

"Fomu imefika," mama mdogo alisema, akachukua ufagio.

Asubuhi iliyofuata mwalimu wa nidhamu alimwona kwenye mstari wa paredi, akamwita mbele ya shule nzima.

"Mnamwona mwenzenu? Amebadilika. Hakuna rangi, hakuna misuko, hakuna vituko. Kuanzia leo huyu ni kiranja wa usafi."

Wanafunzi walipiga makofi. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliweka kiganja juu ya upara ule na kukiacha hapo kidogo, kwa upole, kama mtu anayempongeza mwanawe. Msichana alisimama wima. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakutikisa mguu. Huko ng'ambo mama yake alikuwa kwenye sinki, mikono imezama kwenye povu, akahisi mkono wa mtu umetua kichwani. Aligeuka kuona nani anamgusa. Hapakuwa na mtu, ila bosi mlangoni, akimwonyesha sahani zilizobaki.