Kitambaa Chekundu cha Ngalawa

Mandawa, mbali na pwani, hakuna maji ya kutosha hata bata kuoga, lakini Yasini alikuwa na ngalawa uani. Ililetwa na fuso lililokuwa likirudi tupu baada ya kushusha korosho, na watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Sasa hawacheki tena. Kila asubuhi, kiangazi hiki kikavu, chini ya bati lisilovuja, ngalawa ile hukutwa na maji ndani. Siku ya kwanza Yasini aliyaonja, akatema. Yalikuwa ya chumvi.

"Ichanje tupikie," mkewe Zulfa alimwambia. Yasini hakuthubutu. Alichukua kopo akayafua maji yale, akiyachota na kuyamwaga nje, kama alivyokuwa akifanya zamani alipokuwa baharia wa mtu.

Kwa miaka tisa, msimu wa korosho ukiisha, yeye na Kassian wa Likunja waliteremka Lindi kwenye mashindano ya matanga, katika ngalawa hii hii, wakati huo ikiwa ya mzee Rashidy. Jina lililotangazwa lilikuwa la tajiri mwenye chombo. Mabaharia waliambulia pilau na migongo iliyobabuka. Wakikaribia bendera ya kumalizia, upepo ukilegea, Rashidy alisema, "Mmoja ashuke," na mmoja wao akaruka baharini ili chombo kiwe chepesi. Desturi ni kwamba anayetoa amri huinua kitambaa chekundu, ili chombo cha nyuma kijue kuna mtu majini, kimwokote. Mzee yule alikuwa bahili wa kila kitu, lakini kitambaa hakukisahau hata siku moja.

Mzee alipochoka, Yasini akainunua ngalawa. Mwaka jana akashika usukani kama tajiri kwa mara ya kwanza, Kassian akiwa baharia wake wa pekee. Upepo ukalegea. "Shuka," akasema. Kassian akaruka. Yasini akakodolea macho bendera, akasikia jina lake likitangazwa kwenye spika, akalia kwa furaha, mpumbavu yule. Kitambaa kilikuwa kiunoni mwake, kimekunjwa vizuri.

Waliomzika Kassian kule Likunja waliambiwa aliteleza.

Leo asubuhi Edina, mjane wake, alifika kwa bodaboda. Misa ya kumbukumbu ya mwaka ilikuwa ifanyike Jumapili. Chai aliikataa.

"Shemeji, nimeota mara tatu," alisema. "Kassian yumo chomboni mwako, anafua maji. Ananiuliza kama umeshageuka nyuma. Niambie, aliteleza kweli?"

Yasini aliitazama ngalawa. Alikuwa ameikausha alfajiri, na maji yalikuwa yamesharudi. Neno moja tu la uongo lilitosha, na Edina angerudi Likunja kuandaa misa yake. Lakini Yasini alikuwa amechoka kuogopa.

"Hakuteleza. Nilimwambia shuka. Sikuinua kitambaa, wala sikugeuka."

Edina akaigeukia ngalawa. "Alikujibu nini?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia mwaka mzima. Miaka yote tisa walikuwa wakiitana kwa majina na kwa matusi ya utani.

"Alisema, 'Haya, tajiri.' Akacheka, akaruka."

Edina akavua kandambili, akaingia ndani ya ngalawa, akaokota kopo, akaanza kufua maji. Yasini alipoinama kumsaidia, akamzuia kwa mkono.

"Wewe kaa," alisema. "Wewe ndiye tajiri."