Fyuzi Mfukoni mwa Ndanu

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, Madam Waithira alipita kwenye ubao wa umeme ofisini na kuinua kila breka, ile swichi inayokata umeme yenyewe, aliyoikuta imeanguka. Alifanya hivyo kama mtu anayetandika kitanda. Kwake yeye, breka iliyolala ilikuwa na kosa moja tu: uvivu.

Jumanne moja, breka iliyolala ilikuwa ya mashine kubwa ya kuangulia, fahari ya kituo chake cha vifaranga kule Mugutha. Ndani mlikuwa na mayai elfu nne, siku ya ishirini na moja, mengine yameanza kudonolewa kutoka ndani. Aliiinua mara tatu, ikaanguka mara tatu. Akampigia simu Mutie, fundi wake wa Thika, kisha akatoka mbio kwenda Ruiru kutafuta jenereta ya kukodi.

Mutie alikuja na Ndanu, msichana aliyehitimu diploma ya umeme mwaka jana na ambaye bado alitumwa kununua maandazi.

"Feni imekwama, mzee," Ndanu alisema. "Na hebu ona hapa."

Ukutani, kando ya mashine, palikuwa na kisanduku cha chuma. Ndani yake mlikuwa na kipande cha plastiki chenye mshikio, cha kubebea fyuzi mbili. Fyuzi hazikuwepo. Mahali pazo palikuwa na waya mnene wa shaba.

"Huo niliweka mimi," Mutie alisema bila haya. "Fyuzi zilikuwa zinaungua kila mwezi. Breka si iko? Zima breka ofisini, fanya kazi. Hiyo ya kuchomoa fyuzi ni ya wazee."

"Breka ikianguka, kidole kimoja kinairudisha. Fyuzi ikiungua imekufa, inabidi mtu aulize imeuawa na nini. Tena hiyo breka iko ofisini, nitajuaje nani ameishika? Hii nikiichomoa, pengo naliona kwa macho, na umeme haurudi mpaka niirudishe mimi."

"Diploma yako inaongea sana."

"Miaka mitatu darasani, mzee. Inyamaze vipi?"

Akaenda ofisini akazima breka, akarudi akachomoa kile kipande, akakitia mfukoni mwa ovaroli. Akapima nyaya: kimya. Ndipo akakunja mikono ya ovaroli na kuzamisha yake mashineni hadi viwikoni, feni mpya ikimsubiri miguuni.

Alikuwa ameshika nyaya mbili zilizo uchi, mmoja kila mkono, Madam Waithira alipotokea mlangoni akihema, ametoka Ruiru bila jenereta.

"Nani alizima breka? Nimeiinua na mashine bado imelala! Vifaranga vyangu vitakufa!"

Mutie alizitazama zile nyaya, kisha vidole vya Ndanu.

"Umeiinua... saa hii?"

"Si huwa naiinuanga kila siku!"

Ndanu aliunganisha nyaya za feni mpya. Alikaza skrubu ya mwisho, akamtuma Mutie aishushe breka, akatoa kipande mfukoni, akang'oa shaba na kupachika fyuzi mpya mbili. Akakisukuma mahali pake.

"Inua sasa!"

Feni ikanguruma. Joto likapanda, thelathini na sita, thelathini na saba na nusu, likatulia. Nyuma ya kioo yai moja likapasuka, mdomo mbichi ukachungulia. Likafuata la pili, la kumi. Kufikia jioni trei zilikuwa manjano tupu, na makelele ya vifaranga yaliwalazimu kuzungumza kwa kupaza sauti.

"Ngai! Hebu ona!" Madam Waithira alipiga makofi, akacheza hatua mbili pale pale. Halafu akakumbuka hadhi yake. "Lakini wewe msichana, unatembeaje na kipande cha mashine yangu mfukoni bila kuniuliza? Niombe msamaha."

"Sema pole, yaishe," Mutie alinong'ona. "Ni mteja wetu wa miaka."

Ndanu alivifuta vidole vyake kumi kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Siombi, madam. Nikirudi kesho nitakichomoa tena na kukitia mfukoni tena. Na kesho pia siombi."